Kasi Ikipungua, Winga Huenda Wapi?

Mchezaji wa pembeni huanza kuzeeka mapema kuliko wenzake, na huzeeka hadharani. Beki wa kati aliyepoteza hatua moja huificha kwa kusimama mahali panapofaa kabla mpira haujafika, kiungo huificha kwa kugusa mpira mara moja na kuuachia, na kipa ambaye macho na mikono yake bado vipo anaweza kufikisha miaka 38 bila mtu kuulizia umri wake. Winga hana pa kujifichia. Hupewa mpira akiwa karibu na mstari, beki yuko mbele yake, uwanja mzima unatazama, na jibu linapatikana ndani ya sekunde chache: amempita au hajampita. Akishindwa mara nne mfululizo, jukwaa limeshatoa hukumu kabla kocha hajageukia benchi.

Hata hivyo, mjadala wetu kuhusu mawinga umeegemea upande mmoja. Tunahesabu chenga na krosi za kijana wa miaka 21, tunamlinganisha na aliyemtangulia katika jezi hiyo, kisha anapofikisha miaka 30 tunashangaa amepotelea wapi, kana kwamba ni uvivu au anasa ndivyo vilivyomponza. Mtazamo wangu ni kwamba kazi ya winga ina vipindi viwili vinavyodai ujuzi tofauti, kwamba kipindi cha pili hakiji chenyewe, na kwamba wanaokipata kwa kawaida ni wale walioanza kuondoka kwenye chaki, yaani mstari wa pembeni, wakati bado walikuwa na uwezo wa kubaki hapo.

Tuanze na mwili, kwa kuwa ndio unaodai kwanza. Kiungo hukimbia mwendo mrefu usiokatika sana. Winga hutimka mita kumi au ishirini kwa nguvu zote, hufunga breki ghafla, hugeuka, hurudi kumsaidia beki wake, kisha hutimka tena. Mzigo wa kazi hiyo huangukia misuli ya nyuma ya paja, na majeraha ya misuli hiyo ndiyo yanayoongoza miongoni mwa majeraha yote ya misuli katika soka la kulipwa. Isitoshe, nyuzi za misuli zinazotoa nguvu ya ghafla ndizo zinazodhoofika mapema umri unaposogea, ilhali zile za ustahimilivu hudumu kwa muda mrefu zaidi. Kwa sababu hiyo mchezaji wa miaka 31 anaweza kumaliza dakika 90 bila kuhema na bado akashindwa kumpita beki ambaye miaka mitano nyuma alikuwa akimwacha amesimama. Watu humwona akikimbia huku na huko na kusema bado yuko fiti, na hawakosei. Kilichoondoka ni kile kimoja alichosajiliwa nacho.

Juu ya hayo kuna mateke. Anayekokota mpira kumwelekea beki anakubali kuchezewa rafu kama sehemu ya ajira yake, na mabeki hawakuumbwa wote kwa huruma. Adama Traoré alipokuwa Wolverhampton Wanderers alifikia hatua ya kupakwa mafuta mikononi kabla ya mechi ili wapinzani wakose pa kumshika. Hilo lilichekesha watu, lakini kwa upande wangu lilieleza maisha ya winga vizuri kuliko takwimu nyingi.

Eden Hazard hakupakwa mafuta. Kwa miaka saba pale Chelsea, kuanzia 2012 hadi 2019, alipokea mpira akiwa amewapa mabeki mgongo, akawavuta wamsogelee, kisha akageuka na kuwaacha. Mtindo huo ulimpa mabao 110 katika mechi 352, na mechi yake ya mwisho ikawa fainali ya Ligi ya Europa mjini Baku, ambako alifunga mawili Arsenal walipochapwa 4-1. Real Madrid walimnunua majira hayo ya joto akiwa na miaka 28. Novemba mwaka huohuo, katika mechi dhidi ya Paris Saint-Germain, Thomas Meunier, Mbelgiji mwenzake, alimgonga kifundo cha mguu, na kifundo hicho hakikurudi tena kuwa kile cha London. Misimu minne Madrid ilimpa mechi 76 na mabao 7, na Oktoba 2023 akatundika daluga akiwa na miaka 32. Wapo wanaolaumu uzito wake na mazoezi yake, na huenda wana hoja. Ninachokiona mimi ni mchezaji ambaye silaha yake yote ilikuwa kugeuka ghafla juu ya kifundo, na ambaye hakuwa ameandaa silaha nyingine siku kifundo kilipokataa. Angeweza kuwa namba kumi wa kupiga pasi za mwisho, kwa sababu jicho alikuwa nalo. Lakini hakuna klabu inayolipa fedha zinazokaribia euro milioni 100 ili mtu aje kujifunza kazi mpya, na yeye mwenyewe hakuwahi kuhitaji kuijifunza mapema.

Msomaji anayejua historia atanirushia jina la Stanley Matthews, na ana haki. Matthews alishinda Ballon d'Or ya kwanza kabisa, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, mwaka 1956 akiwa na miaka 41, na alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi daraja la juu akiwa na Stoke City mwezi Februari 1965, siku chache baada ya kutimiza miaka 50. Alibaki kwenye mstari wa kulia maisha yake yote na hakuwa kiungo wala straika. Je, yeye hakuvunja kanuni ninayoisema? Ukitazama alivyocheza, utaona kwamba kasi yake ilikuwa ya hatua mbili tatu tu, na kilichomshinda beki kilikuwa hadaa ya bega iliyotangulia hatua hizo. Tena beki wa wakati huo alibaki peke yake na winga, hakuna kiungo aliyeshuka kumsaidia, na winga naye hakudaiwa kurudi nyuma kukaba. Matthews alijitunza kwa nidhamu ambayo wachezaji wa zama zake hawakuijua, lakini pia alicheza katika mchezo uliomruhusu kungoja mpira. Mchezo huo haupo tena.

Mfano unaofaa zaidi kutoka zama hizo ni Garrincha. Mwaka 1962 nchini Chile, Pelé alipoumia mapema, yeye ndiye aliyeibeba Brazil hadi kwenye Kombe la Dunia la pili mfululizo, akifunga mabao mawili dhidi ya England na mengine mawili dhidi ya wenyeji katika nusu fainali. Alikuwa na miaka 28. Miaka minne baadaye, dhidi ya Hungary kule Liverpool, magoti yalikuwa yameshachoka, na kipigo cha 3-1 siku hiyo kikawa mechi ya mwisho ya Garrincha katika jezi ya taifa na pia ndiyo pekee aliyowahi kupoteza akiwa na Brazil. Kutoka kilele hadi mwisho ni miaka minne tu. Pombe ilichangia, hilo linajulikana, lakini hata bila pombe mchezaji mwenye miguu ile iliyopinda, aliyeishi kwa hadaa moja ya kwenda kulia, hakuwa na nafasi nyingine ya kuhamia.

Katika mashindano hayohayo ya 1966 ilionekana hatari ya pili, ambayo chanzo chake ni ubao wa kocha. Alf Ramsey, kocha wa England, alijaribu mawinga watatu katika mechi tatu za makundi, John Connelly, Terry Paine na Ian Callaghan, kila mmoja mechi moja, kisha akawaacha wote na kutwaa Kombe la Dunia bila winga halisi hata mmoja. Mabingwa huigwa, na kwa miaka iliyofuata winga wa chaki alionekana katika timu nyingi kama anasa. Nafasi yenyewe, basi, inaweza kufutwa na mtindo wa wakati, jambo ambalo halimpati kipa wala beki wa kati. Winga anayejua kufanya kitu kimoja tu anaweka maisha yake rehani kwa mwili wake na pia kwa fikra za watu asiowajua.

Njia ya kwanza ya kutoka, na inayolipa zaidi, ni kuelekea golini. Kwa miongo mingi winga wa kulia alitumia mguu wa kulia, kazi yake ikiwa kufika karibu na kibendera cha kona na kumwaga krosi. Kumweka mwenye mguu wa kushoto upande wa kulia hakukuvumbuliwa jana, lakini kulienea sana katika miaka ya 2000, na hakuna aliyekutangaza kama Arjen Robben. Alipotua Bayern Munich mwaka 2009 alikuwa na jambo moja ambalo kila beki wa Ujerumani alilijua: atakata kuingia ndani na kupiga kwa kushoto. Walijua, walijiandaa, na bado alifunga mabao 144 katika mechi 309. Kuingia ndani kulimpa kitu ambacho chaki haitoi, yaani pembe ya kufunga na uwezekano wa kuamua mechi kwa mguso mmoja, kama alivyofanya dakika ya 89 pale Wembley mwaka 2013 alipoizamisha Borussia Dortmund katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Hata hivyo, Robben hakuacha kutegemea mtimko wa ghafla. Alibadili tu mwelekeo wake, na mwili ukaendelea kumdai. Misimu yake mingi ilikatwa na majeraha.

Cristiano Ronaldo alikwenda mbali zaidi, naye ndiye mfano ninaoushikilia ninapodai kwamba safari huanza ukiwa kileleni. Kijana aliyetua Manchester United mwaka 2003 alikuwa mpiga chenga wa pembeni aliyewaudhi hata wenzake kwa kuzungusha mguu juu ya mpira mara nne pale ambapo krosi moja ingetosha. Msimu wa 2007/08 alifunga mabao 42 katika mashindano yote, 31 kati yake kwenye ligi, na tayari mengi yalipatikana kwa kichwa, kwa mipira ya adhabu na kwa kuwahi nguzo ya pili. Alikuwa na miaka 23 na bado alikuwa mmoja wa wakimbiaji wakali wa Ulaya. Hakuna aliyemlazimisha kupunguza chenga. Mwaka baada ya mwaka pale Real Madrid aligusa mpira mara chache zaidi na kuugusia karibu zaidi na goli, na magoti yalipoanza kulalamika, alikuwa ameshamaliza kuhama. Mabao 450 katika mechi 438 ndiyo matunda ya uhamaji huo. Wanaomkumbuka kwa mbwembwe za mwanzo wakamsikitikia kwamba alipoteza burudani wanasahau kwamba wachezaji wengi wa mbwembwe zile huwa wamestaafu katika umri ambao yeye aliutumia kushinda fainali za Ulaya.

Mohamed Salah amefanya jambo lisilofanana kabisa na hilo, na kwa mchambuzi linavutia zaidi. Hakuondoka upande wa kulia. Liverpool ilimnunua kutoka Roma mwaka 2017, akafunga mabao 32 ya ligi katika msimu wake wa kwanza, ambayo wakati huo yalikuwa rekodi ya Ligi Kuu ya England kwa msimu wa mechi 38, na mengi yalitokana na kumkimbilia beki mgongoni. Msimu wa 2024/25, akikaribia kutimiza miaka 33, alicheza mechi zote 38 za ligi, akafunga mabao 29 na kutoa pasi za mabao 18. Kabla yake hakuna mchezaji wa Ligi Kuu ya England aliyewahi kuhusika katika mabao 47 ndani ya msimu wa mechi 38. Alibadili nini? Kwanza alipunguziwa kazi ya kukaba, na mwenyewe ameeleza wazi kwamba yalikuwa makubaliano kati yake na kocha Arne Slot: apumzishwe kwenye ulinzi, naye alipe kwa mabao. Pili, pasi yake ilikomaa. Mpira wa juu unaopinda kutoka kulia kwenda nguzo ya mbali, ambao mwaka 2017 ulikuwa nadra, ulikuwa umegeuka kitisho cha kawaida. Beki anayemfungia njia ya kupiga anamfungulia njia ya kupasia, na anayefunga zote mbili hana tena mwenzake wa kumlinda mgongoni. Hapo kasi inakuwa kitisho kinachotajwa zaidi kuliko kutumika. Ni mzee anayeogopwa kwa sifa za ujana wake, na anaitumia hofu hiyo kwa hesabu.

Sadio Mané, aliyekuwa upande wa pili wa safu hiyohiyo, hapewi heshima anayostahili katika jambo hili. Alicheza kulia msimu wa 2016/17. Salah alipokuja, alihamia kushoto bila manung'uniko yaliyosikika hadharani, na mapema mwaka 2022 Luis Díaz alipofika, alihamia tena katikati. Nafasi tatu katika klabu moja, na katika kila moja alifunga. Wachezaji huwa wanachukulia kuhamishwa kama kushushwa thamani, na mawakala wao huchochea fikra hiyo kwa sababu bei hupangwa kwa jina la nafasi.

Njia ya pili ni kuingia katikati, na kielelezo chake ni Ryan Giggs wa Manchester United. Aliyemwona mwaka 1991 na miaka michache iliyofuata aliona winga wa kushoto mwembamba anayepita mabeki kana kwamba hawapo, na bao lake dhidi ya Arsenal katika nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 1999, alipoinasa pasi ya Patrick Vieira na kukimbia nayo hadi ndani ya boksi, ndilo linalorudiwa kwenye runinga. Wachache hurudia kutazama mechi zake za mwaka 2009, alipokuwa kiungo anayepokea mpira kutoka kwa mabeki na kupanga mwendo wa timu, ingawa ndio mwaka ambao wachezaji wenzake wa ligi za England walimchagua kuwa mchezaji bora wa msimu akiwa na miaka 35. Misuli ya paja ilimsumbua tangu ujana, akageukia yoga, akabadili namna anavyokimbia, na muhimu zaidi akakubali kwamba thamani yake haiko tena kwenye kumpita mtu. Alimaliza mwaka 2014 akiwa na mechi 963 katika jezi moja. Ni kweli kwamba alibahatika kuwa na kocha mmoja, Alex Ferguson, kwa karibu muda wote huo, kocha aliyekuwa na subira ya kumpumzisha na mamlaka ya kumbadilisha. Winga anayehama klabu kila baada ya miaka miwili hukutana na kocha anayetaka matokeo ya Jumamosi, na kocha huyo hana sababu ya kuwekeza katika mwaka wake wa 35.

Kuna njia ya tatu ambayo mashabiki huidharau, nayo ni kurudi nyuma. Antonio Valencia alisajiliwa Manchester United kutoka Wigan mwaka 2009 kama namba saba wa kasi, akaishia kuwa namba mbili, yaani beki wa kulia, na nahodha. Ashley Young aliyekuwa winga mahiri wa Aston Villa alikuwa beki wa kushoto wa England katika Kombe la Dunia la 2018, kisha akashinda ligi ya Italia na Inter Milan mwaka 2021. Wote wawili waliwahi kukejeliwa kwamba wamekwisha. Mantiki ya uhamisho huu ni rahisi: beki wa pembeni hukimbia akiwa na uwanja mbele yake, hupokea mpira akitazama goli la wapinzani, na huchagua wakati wa kupanda, tofauti na winga anayesubiri mpira huku amekabwa. Anayejua mawinga wanafikiri nini ana faida pia wakati wa kuwakaba, ingawa faida hiyo isikuzwe kupita kiasi. Mawinga wengi waliorudi nyuma walikaba vibaya miaka yao ya kwanza, na baadhi hawakujifunza kabisa.

Usiku wa Julai 9, 2024 mjini Munich, katika nusu fainali ya Euro kati ya Hispania na Ufaransa, upande mmoja wa uwanja ulibeba hadithi nzima ya kazi hii. Dani Carvajal alikuwa amefungiwa, hivyo beki wa kulia akawa Jesús Navas mwenye miaka 38, aliyekuwa winga wa Sevilla na Manchester City kabla ya kurudishwa nyuma, na ambaye mbio zake upande wa kulia ndizo zilizoanzisha shambulizi la bao la Andrés Iniesta katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2010. Mbele yake alikuwa Lamine Yamal mwenye miaka 16, aliyekuwa hajatimiza hata miaka mitatu fainali hiyo ilipochezwa. Aliyepangiwa kumkabili Navas alikuwa Kylian Mbappé. Dakika ya tisa Mbappé alipata nafasi upande huo, akapiga krosi, Randal Kolo Muani akafunga kwa kichwa, na ilionekana kwamba kocha Luis de la Fuente amemtupa mzee kwenye moto. Dakika ya 21 Yamal aliingia ndani kutoka kulia na kuupinda mpira hadi nguzo ya mbali, akawa mfungaji mdogo kuliko wote katika historia ya Euro. Dakika nne baadaye krosi ya Navas iliokolewa nusunusu, ikamkuta Dani Olmo, na Hispania ikaongoza 2-1 hadi mwisho. Navas alitolewa kipindi cha pili mwili ukiwa umegoma. Alikuwa akicheza na maumivu ya nyonga kwa muda mrefu, na kabla ya mwaka kwisha alistaafu. Hakumzima Mbappé, hilo tusilipambe. Alicheza karibu saa nzima dhidi yake katika nusu fainali akiwa na umri ambao mawinga wengi wa rika lake walikuwa wameshasahaulika, na mguu uliokuwa ukipiga krosi ulikuwa uleule wa mwaka 2010.

Je, kuhama mapema kunatosha? Theo Walcott ananizuia kusema ndiyo. Alikwenda Kombe la Dunia la 2006 na England akiwa na miaka 17 kabla hata hajacheza mechi moja ya Ligi Kuu na Arsenal, na Septemba 2008 aliifunga Croatia mabao matatu mjini Zagreb kwa kasi ambayo mabeki walionekana kutoielewa. Hakungoja kasi iishe ndipo aombe kubadilishwa. Alisema waziwazi kwamba anataka kucheza katikati kama straika, na Arsène Wenger alimpa nafasi hiyo mara kadhaa. Kilichokosekana ni ufundi wa kucheza mgongo ukilitazama goli, kupokea mpira huku beki amemwegemea, na kuunganisha timu. Januari 2014 akaumia goti vibaya dhidi ya Tottenham na kukosa Kombe la Dunia. Alistaafu mwaka 2023 akiwa na miaka 34, na mabao yake 108 kwa Arsenal si haba. Lakini alihamia chumba ambacho hakuwa na samani zake. Kutaka kuhama ni jambo moja, na kuwa umejifunza kazi ya huko unakokwenda ni jingine, na kazi hiyo hufundishwa katika umri wa miaka 17 hadi 22, wakati ambapo kasi inamfanya kijana aone kwamba haihitaji.

Gareth Bale ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu alianza kwa kuwa beki wa kushoto na kwenda mbele, kinyume cha wengine. Bao lake akiwa na Real Madrid dhidi ya Barcelona katika fainali ya Kombe la Mfalme, Aprili 2014, alipousukuma mpira kupita upande mmoja wa Marc Bartra na yeye akazunguka upande mwingine nje kabisa ya mstari wa uwanja, ni kilele cha kile miguu inachoweza. Miaka minne baadaye huko Kyiv aliingia kutokea benchi na kuifunga Liverpool mawili, moja la tikitaka, na Ligi ya Mabingwa zikafikia nne kwake, kabla ya ya tano mwaka 2022. Huwezi kumwita mtu huyo aliyeshindwa. Hata hivyo, alistaafu Januari 2023 akiwa na miaka 33, baada ya miaka kadhaa ya kucheza kidogo sana ngazi ya klabu. Mguu ule wa kushoto ungetosha kumfanya kiungo wa pembeni au hata beki tena kwa misimu mingine mitatu kama angetaka. Nadhani hakutaka, na ana haki hiyo. Si kila mwenye uwezo wa kipindi cha pili analazimika kukicheza.

Soko la usajili bado halijalielewa jambo hili vizuri. Klabu hulipa bei ya juu kabisa kwa winga wa miaka 26 hadi 28, kwa mkataba wa miaka mitano, zikitegemea takwimu za kipindi cha kwanza huku zikinunua, kwa miaka isiyopungua miwili ya mkataba huo, kipindi cha pili ambacho hazijakichunguza. Kisha klabu hizohizo huweka kanuni ya kumpa mwaka mmoja mmoja kila aliyevuka miaka 30, bila kutofautisha aliyekwisha hama na anayeng'ang'ania mstari. Liverpool ilipompa Salah miaka miwili mingine Aprili 2025 ilikuwa ikisoma aina ya mchezaji badala ya tarehe ya kuzaliwa. Winga Joaquín Sánchez alifunga mabao matatu kwa Real Betis ndani ya dakika 20 dhidi ya Athletic Bilbao mwezi Desemba 2019, akiwa na miaka 38, na akacheza hadi alipofikisha miaka 41. Kanuni ya umri peke yake ingemwondoa miaka minane kabla.

Kwa Yamal, kinachonitia moyo ni kwamba tayari ana nusu ya ujuzi wa kipindi cha pili. Bao la Munich halikuhitaji kasi hata kidogo, na pasi zake za upande wa nje wa mguu ni za mchezaji anayefikiri kabla ya kukimbia. Kinachonipa wasiwasi ni dakika. Alicheza mechi yake ya kwanza Barcelona akiwa na miaka 15, na klabu hiyo haina haja ya kutafuta onyo mbali, kwa sababu Ansu Fati aliingia kikosini mwaka 2019 akiwa na miaka 16, akaumia goti Novemba 2020 dhidi ya Betis, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mmoja, akapewa namba kumi ya Lionel Messi mwaka 2021, kisha akatolewa kwa mkopo Brighton na baadaye Monaco. Namba hiyo sasa anayo Yamal. Kila msimu ambao makocha wake wa klabu na wa taifa watashindwa kukubaliana nani ampumzishe lini, watakuwa wanatumia leo miaka ambayo angeihitaji baada ya kutimiza 30.